Mkaa wa Kuzika

Kila asubuhi, kabla ya chai, Hanna Sumari hukata mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Huulaza kwenye gogo nyuma ya nyumba, kisha huukata kwa panga, vipande vyembamba kama vya mkate. Ng'ombe wake anaitwa Tausi. Husubiri bandani, kichwa nje, akitafuna hewa kana kwamba ameshapewa.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, panga lilikuwa bado juu wakati Hanna aliposikia gari likinguruma upande wa stoo.

Gari halikuwa na kazi pale. Njia ya kwao ni nyembamba, na magari mengi huishia kanisani. Hanna alilichomeka panga kwenye mgomba akakimbia. Alipozunguka nyumba, aliona mgongo wa pikapu ukipotelea kwenye kona ya mikahawa. Mume wake, Aminieli, alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Alikuwa akikung'uta vumbi jeusi mikononi.

Hanna aliingia ndani. Jana magunia ya mkaa yalikuwa ishirini na nane, yamepangwa mpaka ukuta wa nyuma haukuonekana. Leo ukuta ulionekana. Alihesabu mara mbili. Magunia sita hayakuwepo.

Hakuuliza yamekwenda wapi. Alimtazama mume wake tu.

Aminieli ni mtu wa maneno machache. Akifurahi, huuliza habari za ng'ombe. Akikasirika, huuliza habari za ng'ombe. Akikosea, ni hivyo hivyo.

"Ng'ombe amekula?" aliuliza.

Hanna alirudi nyuma ya nyumba, akachomoa panga, akaukata ule mgomba mpaka ukalainika kama ugali.

Mkaa ule haukuwa wa kupikia. Ulikuwa wa kuzika.

Mambo yalianza mwezi wa kwanza. Baada ya kuvuna kahawa, watu wa mteremko ule wa Meru, juu ya kijiji cha Maji ya Chai, hupogoa mikahawa yao. Matawi hujaa shambani. Wengine huyachoma moto yakaisha. Wengine huyaacha yaoze. Mwaka ule alikuja bibi shamba mpya. Jina lake Salwa, binti wa mjini, wa mtaa wa Sokon One, aliyepanda mlima kwa pikipiki, ameikaza hijabu yake chini ya kofia ngumu. Aliwakusanya watu kwenye ukumbi wa usharika. Akawaambia wasiyachome matawi mpaka yawe majivu, wala wasiyaache. Wayageuze kuwa mkaa. Kisha wauzike mkaa huo kwenye udongo, karibu na mizizi ya mikahawa. Wataalamu huuita bayocha. Salwa aliuita mkaa wa udongo. Alisema unashika maji na mbolea wakati wa kiangazi, kama sifongo.

Ukumbi ulicheka. Watu wa pale wanaujua mkaa. Mkaa ni wa jikoni. Sylvanus, jirani yake Hanna na mwimbaji wa sauti nzito kwenye kwaya, alisimama.

"Nimezika watu wengi, binti yangu," alisema. "Mkaa sijawahi kuzika."

Hata Salwa alicheka. Kisha aliwaambia kuna mradi unaosaidia kazi hiyo. Mradi ungetoa toroli na magunia. Mwisho wa msimu ungelipa kwa kila gunia lililozikwa. Kaya kumi na mbili zilijiandikisha, Sylvanus akiwa mwenyekiti, maana aliyecheka sana hakutaka kuachwa nyuma. Kila kaya iliahidi magunia ishirini na nane. Kikundi kikishindwa kutimiza, kingeweza kuondolewa kwenye mradi.

Hanna alijiandikisha kwa sababu udongo wake ulikuwa umechoka. Alikumbuka jinsi mikahawa ilivyoinama kwa matunda wakati wa mama mkwe wake. Sasa ikifika mwezi wa nane, majani yalining'inia kama nguo mbichi.

Mara ya kwanza alikosea. Alifanya kama baba yake alivyofanya alipochoma mkaa wa kuuza. Alipanga matawi, akayafunika kwa nyasi na udongo, akayaacha yafuke. Moshi mzito ulitanda siku mbili. Nguo za mke wa Sylvanus zilizokuwa kwenye kamba zilinuka kama samaki wa kukausha. Salwa alifika akikohoa. Alimweleza kuwa moshi wa namna hiyo unachafua hewa, na wao wanataka kuisafisha. Akamchimbia shimo lenye umbo la faneli, pana juu na jembamba chini. Moto mkali uwashwe ndani ya shimo. Matawi makavu yaongezwe kidogo kidogo. Tabaka likianza kuvaa majivu meupe, liongezwe jingine juu yake. Mwali wa juu unakula moshi wa chini. Shimo likijaa, yamwagwe maji mengi mpaka moto ufe kabisa.

Mara ya pili alikosea tena. Aliuweka mkaa mkavu kwenye miche mitatu ya kahawa. Baada ya wiki mbili majani yakawa manjano. Salwa alimwambia kuwa mkaa mkavu una njaa. Ukiuweka hivyo, unakula mbolea ya udongo kabla mche haujala. Lazima ulishwe kwanza. Uchanganywe na samadi na mkojo wa ng'ombe, ukae wiki mbili au zaidi. Sylvanus aliposikia, alisema basi Tausi naye aandikwe kwenye daftari la wanachama.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kulikuwa na mnada wa sadaka nje ya kanisa kama kawaida. Mayai, mkungu wa ndizi, jogoo. Kikapu cha maharage cha Hanna kiliponyanyuliwa, sauti moja iliuliza kama yamepikwa kwa mkaa wa kaburini. Wanaume waliokuwa chini ya paa la ukumbi walicheka kwa muda mrefu. Aminieli alikuwa miongoni mwao. Hanna hakugeuka kumwangalia. Alikwenda nyumbani, akavaa khanga ya kazi, akawasha shimo.

Wiki tano alifanya kazi hiyo. Mikono ilipasuka. Alipofikisha gunia la ishirini na nane alilishona kwa kamba nyekundu, ili alijue.

Ndipo ikaja ile pikapu.

Mchana wa siku hiyo hiyo Salwa alifika kukagua. Alisalimia, shikamoo mama, Hanna akaitikia kwa sauti ndogo. Salwa aliutazama ule ukuta wa stoo, akaelewa. Hakumlaumu mtu. Alikaa kwenye gogo la kukatia mgomba akauliza mkaa umeuzwa kwa nani. Hanna alisema ni kwa Lerionka, mchoma nyama wa pale barabarani; pikapu ile ndiyo humbebea mkaa.

"Basi jioni hii hewa ukaa ya magunia sita itarudi angani," alisema Salwa.

Hanna alimwomba amweleze vizuri, taratibu, kama anayemweleza mtoto. Alikuwa amechoka kufanya kitu ambacho hawezi kukitetea mbele ya watu.

Salwa aliokota tawi la kahawa. Alieleza kuwa mti hukua kwa kula hewa. Ndani ya hewa kuna hewa ukaa, ile inayotoka kwenye moto, kwenye injini na kwenye viwanda. Ikizidi, dunia hupata joto, na mvua hupoteza ratiba yake. Mti huichukua hewa hiyo, ukabaki na kaboni yake kwenye majani, matawi na mizizi. Tawi likioza, au likichomwa likawa majivu, kaboni ile hurudi angani. Likigeuzwa kuwa mkaa, sehemu kubwa ya kaboni hufungwa ndani ya mkaa. Mkaa hauozi haraka. Ukikaa kwenye udongo, hufungwa kwa mamia ya miaka.

"Lakini ukiuwasha jikoni, unafungua mlango," Salwa alisema. "Yote inatoka."

Hanna aliuliza swali lililokuwa likimkera tangu mwezi wa kwanza. Mradi hulipwa na nani?

Salwa alisema hulipwa na kampuni moja ya ng'ambo. Ina kiwanda cha saruji na malori mengi. Hulipa ili wakulima waondoe angani sehemu ya hewa ukaa ambayo kampuni imeitoa.

"Mimi sina hata pikipiki," alisema Hanna. "Kwa nini nisafishe moshi wao?"

"Swali hilo usilifute, Mama Prisca," alisema Salwa. "Uwe nalo."

Akamwambia habari za baba yake, mzee Msafiri, ambaye aliendesha malori ya mizigo miaka thelathini. Koti lake lilinuka dizeli hata likitoka kufuliwa. Siku hizi, alisema, yanatengenezwa malori yasiyotoa moshi. Mengine hutumia umeme wa betri. Mengine hutumia haidrojeni. Hiyo ni hewa nyepesi inayopatikana kwa kuyatenganisha maji kwa umeme. Ndani ya lori hugeuzwa kuwa umeme, na bomba la nyuma hutoa mvuke tu. Viwanda vya chuma na vya mbolea navyo vinaweza kuitumia. Hanna aliuliza kama basi tatizo limekwisha. Salwa alitikisa kichwa. Haidrojeni nyingi ya leo bado hutengenezwa kwa gesi ya ardhini, na kazi hiyo hutoa hewa ukaa. Inakuwa safi pale umeme wake unapotokana na jua, upepo au maji. Na bado ni ghali.

"Na saruji?"

"Saruji ina ukaidi wake. Hata ukiwasha tanuri kwa moto safi, jiwe la chokaa lenyewe likichomwa hutoa hewa ukaa. Imo ndani ya jiwe."

Hanna alifikiri. Alitazama chini, kwenye mfereji wa maji unaopita kati ya mashamba. Siku ya zamu yake, asipofunga mlango wa juu kwa mawe na magome ya mgomba, maji hufurika kwenye miche.

"Kwa hiyo ni kama mfereji," alisema. "Mtu hachoti maji ya mafuriko kwa bakuli wakati mlango wa juu uko wazi. Anafunga kwanza. Yakibaki kidogo ndiyo anachota."

Salwa alicheka kwa furaha. Alisema hakuna mwalimu aliyewahi kumweleza vizuri hivyo. Kampuni inapaswa kwanza kufunga mlango wake, kubadilisha malori, kubadilisha moto wa viwanda. Kile kinachobaki, kile cha jiwe, ndicho mkaa wa Hanna unachosaidia kuchota. Mkulima akikubali kuwa bakuli la mtu asiyefunga mlango, anadanganywa.

"Na udongo?" Hanna aliuliza.

"Udongo ni wako. Huo haukudanganyi. Huo ungeufanyia kazi hii hata mradi usingekuwepo."

Siku tatu baadaye Lerionka alipanda mlima kwa miguu, fimbo mkononi, akamwita Aminieli nje. Alitaka magunia yachukuliwe. Alisema mkaa ule wa vitawi unawaka kama karatasi. Mbavu za mbuzi zilibaki mbichi na wateja wakamwuliza kama sasa anauza nyama ya mfano. Lakini alipoulizwa amebakiwa na mangapi, alisema hakuna. Yote alikuwa ameyamalizia motoni, akipepea na kulaani. Hanna alikuwa jikoni akasikia kila neno. Alifunika sufuria ili asicheke kwa sauti.

Aminieli aliingia, akachukua ndoo, akauliza kama ng'ombe amekunywa.

Hanna aliyazika magunia ishirini na mawili yaliyobaki. Aliyalisha kwanza kwa samadi ya Tausi, wiki mbili kamili. Kisha alichimba mitaro myembamba kuzunguka mikahawa, akaijaza mkaa, akaifunika. Alimaliza siku moja kabla ya masika. Matawi ya kutengeneza mengine hayakuwepo tena. Alimwendea Sylvanus na kumwambia mapema kuwa yake ni ishirini na mawili. Sylvanus alisema asijali, litapatikana la kufanya.

Masika ilinyesha vibaya mwaka ule. Ilichelewa, ikaja kwa hasira, ikakatika mapema. Mwezi wa nane jua lilikaa juu ya mteremko bila kuhama. Mikahawa ya majirani ilining'iniza majani. Ya Hanna, ile mistari yenye mkaa, ilisimama. Haikuwa kama ya wakati wa mama mkwe wake, bado. Lakini majani yalikuwa kijani cha kweli, na alipochimba kidogo kwa kidole, udongo chini ulikuwa na ubichi. Alisimama pale kwa muda, kidole chake kikiwa ndani ya ardhi, kama mtu anayemshika mgonjwa paji la uso na kukuta homa imeshuka.

Asubuhi moja alimkuta Sylvanus kwenye mpaka, amechuchumaa, akiupapasa udongo wake Hanna.

"Natafuta kuku, shemeji," alisema.

"Kuku wako wamejifunza kujizika?" Hanna alimuuliza.

Mwezi wa tisa waliitwa ukumbini kusaini. Msimamizi wa mradi, Bwana Melkizedeki, alitoka mjini na fomu zilizochapwa tayari. Alikuwa na haraka. Ripoti ilitakiwa kutumwa siku hiyo. Hakuwahi kukanyaga shamba hata moja tangu masika. Fomu zilipita mkono kwa mkono. Kila moja ilikuwa na jina la kaya, na mbele yake idadi ya magunia yaliyozikwa. Zote zilisema ishirini na nane.

Watu walisaini wakizungumza mambo mengine. Fomu ya Hanna ilipofika, aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha aliiweka mezani. Aliweka kalamu juu yake.

Sylvanus aliinama sikioni kwake. Alimwambia asaini tu, hilo ndilo la kufanya alilosema litapatikana. Kikundi kizima kinamngoja yeye.

Hanna alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu. Hata kwaya aliiacha kwa sababu ya aibu.

"Sisaini," alisema.

Bwana Melkizedeki aliinua macho. Alimwambia kwa upole kuwa ni utaratibu wa kawaida.

"Magunia yangu ni ishirini na mawili. Hapa pameandikwa ishirini na nane."

"Mama, mkaa umeshakuwa chini ya ardhi. Nani atachimba?"

"Hata asipochimba mtu." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika mpaka benchi la nyuma. "Karatasi hii inakwenda kwenye kiwanda. Huko mtu atasoma ishirini na nane. Atasema, moshi huu Hanna Sumari ameshauondoa, basi tuutoe. Magunia yangu sita yatakuwa ya uongo, lakini moshi wake utakuwa wa kweli. Na mvua ikikataa, itakataa hapa, si kwake."

Bwana Melkizedeki alisema kikundi kinaweza kuondolewa kwa sababu ya mtu mmoja. Sylvanus alimvuta khanga. Shemeji, alisema, utatutoa sote.

"Basi nitolewe," alisema Hanna. "Toroli lenu lichukueni, liko nyuma ya banda, nimelifuta. Mkaa ule nitauendeleza, ni wa udongo wangu. Ila jina langu si tambara la kufutia bomba la mtu."

Bwana Melkizedeki alishusha kalamu. Sasa hakuwa mpole sana. Aliuliza, kama yalitengenezwa ishirini na nane na kuzikwa ishirini na mawili, hayo sita yako wapi?

Hanna hakujibu. Angeweza kujibu. Wote waliokuwa pale walijua nani alikaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, kofia magotini. Hakugeuza shingo. Alitazama ile fomu.

Benchi la nyuma lililia. Aminieli alikuwa amesimama. Baadhi ya watu walianza kutabasamu, wakidhani ataulizia ng'ombe.

"Niliyauza mimi," alisema. "Kwa Lerionka. Mama Prisca hakujua." Akakaa.

Sylvanus alijikuna shingo, akaomba fomu yake irudishwe.

"Andika yangu ishirini na tano," alisema. "Matatu mke wangu alipikia makande. Na hayakuiva."

Safari hii ukumbi ulicheka, lakini kicheko kilikuwa cha namna nyingine. Fomu zikaanza kurudi mezani. Mmoja alikuwa na ishirini na sita. Mwingine kumi na tisa. Mwingine alikuwa na ishirini na nane kweli, akataka watu wote wajue. Bwana Melkizedeki alifuta na kuandika upya kwa mkono, jasho likimtoka. Alisema hawezi kuwaahidi kitu. Ofisi itaamua.

Kabla Bwana Melkizedeki hajafunga mkoba, Hanna aliomba karatasi tupu. Alimwomba Salwa, aliyefika wakati fomu zikiandikwa upya, aandike. Barua ilikuwa fupi. Iliiambia kampuni ya ng'ambo kuwa wakulima kumi na wawili wa mteremko wa Meru wamesema ukweli wa magunia yao. Sasa kampuni nayo iseme ukweli wa moshi wake. Mwaka huu imefunga mlango wake kiasi gani, yenyewe, bila kuhesabu mkaa wa wengine? Wote kumi na wawili walisaini. Bwana Melkizedeki aliishika barua ile kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake, lakini aliipeleka.

Baada ya wiki mbili alifika mkaguzi, kijana anayeitwa Lomayani. Hakutoa taarifa. Alikuja na jembe na futi. Alichimba kwenye mashamba manne, la Hanna likiwa la kwanza. Alipima, akaandika, akapima tena. Alikuta kile kilichoandikwa. Kikundi kilibaki. Malipo yalikuwa pungufu ya yale waliyoyatarajia mwanzoni, na hakuna aliyelalamika kwa sauti.

Jibu la barua lilikuja mwezi wa kumi na mbili. Salwa alilisoma ukumbini kwa Kiswahili. Malori manane kati ya mia mbili ya kampuni yalikuwa yameanza kutumia haidrojeni. Mengine yote yalikuwa bado ya dizeli. Tanuri moja lilikuwa limebadilishiwa moto.

"Manane kati ya mia mbili," alisema Hanna. "Bado mlango uko wazi."

Walibandika barua ukutani. Chini yake waliacha nafasi ya barua ya mwaka ujao, na Sylvanus akaandika tarehe ya kuulizia tena.

Mwezi wa kwanza ulirudi. Mikahawa ilipogolewa. Asubuhi moja Hanna alikuwa nyuma ya nyumba akikata mgomba. Mlima ulikuwa wazi mpaka juu. Panga lilikuwa hewani aliposikia mlio upande wa stoo.

Hakukimbia. Ulikuwa mlio wa jembe.

Alizunguka nyumba taratibu. Kando ya shimo lake la zamani kulikuwa na shimo jipya, pana juu, jembamba chini. Matawi ya kahawa yalikuwa yamepangwa pembeni, makavu upande mmoja, mabichi upande mwingine, kama Salwa alivyofundisha. Aminieli alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni. Alipomwona, aliacha kuchimba. Alijifuta uso kwa kiganja, akabaki na mstari wa udongo kwenye paji.

"Ng'ombe amekula?" aliuliza.

"Ameshiba," alisema Hanna. Alikaa kwenye ukingo wa shimo, panga mapajani. "Leo ng'ombe hana shida, Baba Prisca. Sema unachotaka kusema."

Aminieli alitazama mpini wa jembe. Alitazama mikahawa. Hakuwa amemwita mke wake kwa jina tangu mtoto wao, Prisca, azaliwe.

"Siku ile ya mnada, nilicheka pamoja nao," alisema. "Halafu nikauza magunia yako, ili nisichekwe mimi. Nilikosea, Hanna. Nifundishe kuwasha moto huu."